Nani Alitia Chumvi Mwezi Huu?

Mgonjwa mgumu kuliko wote ni yule anayekuja hospitali siku ambayo haumwi. Ninyi mnaoanza kazi sasa, mliovaa sare ambazo bado zina mikunjo ya dukani, mtanicheka. Mtasema, asiyeumwa anafuata nini hospitali? Kaeni nami kidogo. Nimestaafu, nina muda, na miguu yangu ambayo haikuwahi kutulia sasa imelazimika.

Mfikirie mwanamke anayekaa ndani huko Momba, mbele ya Chitete. Tumbo likimshika hawezi hata kunyooka. Ili afike Tunduma ni lazima apakiwe kwenye pikipiki, na barabara zile mnazijua: mvua ikinyesha ni tope, jua likiwaka ni makorongo. Atakaaje juu ya pikipiki mtu ambaye hata kigoda kimemshinda? Kwa hiyo anasubiri. Anajikunja sakafuni mpaka maumivu yaachie, anapata nguvu, anaoga, anavaa kitenge chake kizuri, ndipo anapanda. Anafika kwetu anatembea wima. Daktari anamminya tumbo, laini. Mkojo unapimwa, safi. Ili asirudi mikono mitupu anaandikiwa dawa za yutiai, ugonjwa wa njia ya mkojo. Mwezi unaofuata yanajirudia yale yale, safari hii anapewa za taifodi. Nimewaona wanawake waliokunywa dawa za namna hiyo kwa miaka, kumbe hawakuwa na yutiai wala taifodi.

Ugonjwa ninaousema unaitwa endometriosisi. Mimi si daktari na sikuwahi kuwa muuguzi. Nilikuwa mhudumu wa afya na mkalimani katika kliniki ya wanawake, kwenye hospitali moja ya Tunduma ambayo sina haja ya kuitaja. Shule niliishia darasa la tano. Nilitoka kwetu Ileje kumsaidia shangazi yangu kuuza ndizi Tunduma kwa wiki moja, na wiki ile haijaisha mpaka leo. Nikifika mahali nataka kujua barabara inayoendelea inakwenda wapi. Nimefulia madereva wa malori upande wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, nimechuma kahawa Mbozi, nimewapikia wachimba dhahabu karibu na Mkwajuni, nimeponda mawe nao. Wenzangu waliniita Kiguu na Njia, na sikuona kosa lao. Kila nilipopita niliokota lugha. Kindali ni cha kwetu, Kinyiha na Kinamwanga nilivipata shambani, Kisafwa machimboni, Kibemba sokoni. Nilipoomba kazi ya kufagia hospitali sikujua kwamba lugha hizo ndizo zitanitoa kwenye ufagio.

Kabla yangu mkalimani alikuwa mlinzi wa getini, mzee mmoja mchangamfu sana. Mgonjwa anaweza kuongea kama anahubiri, anashika kiuno, anafuta machozi, anaonyesha mgongo. Mzee anasikiliza, anatikisa kichwa, kisha anamgeukia daktari: "Anasema tumbo."

"Yote hayo ni tumbo tu, mzee?"

"Tumbo tu, Dokta. Mengine ni ya wanawake."

Hayo mengine ya wanawake ndiyo yalikuwa ugonjwa wenyewe.

Aliyenitoa kwenye ufagio ni Sista Tabitha, muuguzi mkunga aliyekuwa mkuu wa kliniki yetu. Alikuwa Mnyiha wa Mbozi, mwembamba, mkali kwa wafanyakazi na laini kwa wagonjwa. Siku ya kwanza aliniambia, "Wewe mdomo wako ni bomba. Maji yaingie huku yatokee kule. Usiongeze sukari, usichuje." Akaniagiza niseme kama anavyosema mgonjwa mwenyewe. Akisema "naumwa nikienda haja kubwa", niseme "naumwa nikienda haja kubwa", hata kama ndani ya chumba kuna mwanamume. Aibu yangu, alisema, niiache kwenye kabati pamoja na pochi.

Daktari wetu wa wanawake tulimwita Dokta Lameck. Alikuwa kijana kuliko mimi na Sista, mtu wa maneno machache, na tofauti na wengine hakuchoka na maswali yangu. Yeye ndiye aliyenieleza ugonjwa huu, siku moja tunasubiri umeme urudi.

Ndani ya mji wa mimba kuna utando. Kila mwezi unanenepa ili upokee mimba; mimba isipokuja unabomoka na kutoka, ndiyo hedhi. Kwa baadhi ya wanawake, nyama inayofanana na utando huo inaota mahali pengine: kwenye kifuko cha mayai, nyuma ya mji wa mimba, juu ya utumbo, hata kwenye kibofu. Nayo inafuata mwezi kama mwenzake wa ndani. Inavimba, inavuja damu. Ila damu hiyo haina mlango. Inabaki hukohuko, inachoma, inaacha makovu, na makovu yanavigandisha viungo vinavyotakiwa kuteleza. Nilimuuliza kama ni kama ukuta wa tofali mbichi uliopakwa chokaa, maji yakishaingia kwa ndani: nje unang'aa, ndani unaumuka. Akafikiri, akasema nimekaribia.

Kwa nini inaota huko, alisema, hata wakubwa zake hawajamaliza kubishana. Ila haiambukizwi. Haitokani na uchafu, wala kurogwa, wala dawa za uzazi wa mpango. Na si lazima ikae tumboni. Kuna mwanamke wa Galula aliyekuwa na uvimbe kwenye kovu la upasuaji wa kujifungua. Ulipasuliwa kama jipu mara kadhaa, usaha haukutoka, kijijini wakasema daktari alisahau pamba ndani. Dokta Lameck alimuuliza swali moja tu: unavimba lini? Mwanamke akajibu, kila nikiwa kwenye siku zangu. Dokta akaweka kalamu chini. Hakuhitaji swali la pili.

Swali la lini ndilo linalofungua ugonjwa huu, na ndilo gumu kuliko yote kwa watu wa huku. Binti hatataja siku zake mbele ya baba. Mke hatazitaja mbele ya mama mkwe. Na wagonjwa wetu hawaji peke yao. Wanasindikizwa, na msindikizaji ndiye anayesema. Hapo ndipo Tusekile alipotaka kutupotea.

Alikuja mara ya kwanza na hatukuona kitu. Nawaambia hilo ili msidhani tulikuwa wajanja. Alikuwa binti wa Ileje aliyeolewa Mbozi, kwenye familia ya wakulima wa kahawa. Aliletwa na mama mkwe wake, Mama Ezekia, mwanamke mnene wa sauti nene, kiongozi wa akina mama kanisani kwao. Dokta Lameck alimpima, akakuta tumbo laini na mkojo safi. Akaandika dawa, wakaondoka.

Waliporudi, mvua zilikuwa zimekwisha na kahawa imeanza kuiva. Safari hii Mama Ezekia alikuwa amechoka, na uchovu wake ulitoka kama hasira.

"Sista, huyu mkwe wangu mnipe jibu," alisema kwa Kinyiha. "Tumbo kila mara. Wenzake wako shambani, yeye amelala chini kama mkeka. Tulimchemshia mizizi ya chango, wapi. Na mtoto hakuna. Wazee wamesema kahawa ikishauzwa kinakaa kikao. Kama hana faida arudi kwao Ileje, Ezekia atafutiwe mwingine."

Aliyasema hayo yote Tusekile akiwa amekaa pembeni yake. Binti aliangalia vidole vya miguu yake. Sikuona hata chozi. Mtu huwa anafika mahali analia kwa ndani tu.

Nilikuwa nimesimama kando ya Sista Tabitha nikisubiri amtume mama yule nje. Tunazo njia nyingi za kumtoa msindikizaji: muombe akafuate maji, mpeleke dirishani akaulizie majibu, mwambie kiti chake kinahitajika. Sista hakufanya hivyo. Alimwacha amalize, kisha akauliza taratibu, kama mtu anayeuliza habari za mifugo:

"Mama, nani alitia chumvi kwenye mboga nyumbani kwako mwezi huu?"

Ninyi mliokulia mjini nitawafafanulia. Kwa watu wengi wa huku, mwanamke akiwa kwenye siku zake hatii chumvi kwenye mboga. Anapika, anasonga ugali, lakini chumvi anamwita mtoto au mama mzee amtilie. Wanasema akitia yeye, watakaokula watapata kikohozi kibaya. Sitaki tubishane kama ni kweli. Ninachowaambia ni kwamba katika nyumba kama ile hakuna anayesema hedhi, lakini kila mtu anajua nani ametia chumvi.

Mama Ezekia alijibu bila kusita. "Wiki ya mnada nilitia mimi."

"Na tumbo lilimshika lini?"

"Wiki hiyohiyo. Mnadani nilienda peke yangu."

"Mwezi uliotangulia?"

"Mwezi ule nilikuwa kwenye msiba. Nikarudi nikakuta katoto ka jirani ndiko kanatia chumvi..."

"Mkwe wako alikuwa wapi, mama?"

"Chini," alisema polepole. "Alikuwa amelala chini."

Mama Ezekia aligeuka akamtazama Tusekile, na mimi niliona uso wa mtu anayehesabu moyoni, anarudi nyuma mwezi kwa mwezi, na kila akirudi anakuta kitu kilekile. Alinyanyuka mwenyewe akasema anakwenda kupunga upepo.

Alipotoka tulimwingiza Tusekile kwa Dokta Lameck. Kiswahili alikijua vizuri, lakini nilimsalimia kwa Kindali, nikamwambia kwetu ni milima ileile, mabega yake yakashuka. Kuanzia hapo aliniita shangazi. Maumivu mtu anayasema vizuri kwa lugha aliyolilia utotoni.

Dokta aliuliza, mimi nikawa bomba. Yalianza lini? Tangu alipovunja ungo, ila yalikuwa madogo, yamekua naye. Damu ni nyingi? Nyingi sana. Ukienda haja kubwa siku hizo? Kama naketi juu ya mwiba. Kisha akauliza juu ya kukutana na mumewe. Tusekile alinigeukia mimi.

"Shangazi, hilo nalo niseme?"

"Sema tu, mwanangu. Hapa hakuna jambo geni."

"Nikisikia pikipiki ya Ezekia inaingia uani, naogopa. Na yeye si mtu mbaya. Mwambie Dokta si mtu mbaya."

Nikamwambia Dokta vyote, pamoja na hilo la mwisho.

Kuna jambo mlikumbuke hapa. Dokta alimpima kwa mkono na akagusa mahali, nyuma ya mji wa mimba, ambapo binti aliruka kama ameguswa na moto. Ultrasaundi ikaonyesha kifuko cha mayai cha kushoto kimevimba, ndani yake mna kitu kizito chenye ukungu. Lakini alinionya: kuna wanawake wenye ugonjwa huuhuu ambao picha yao hutoka safi kabisa. Picha safi haimfanyi mgonjwa kuwa mwongo. Uhakika wote unapatikana kwa kufungua au kuchungulia ndani kwa mashine yenye kamera, na mashine hiyo sisi hatukuwa nayo. Hata hivyo si lazima kusubiri uhakika ndipo uanze kumtuliza mtu. Maelezo mazuri yanatosha kuanzia.

Tatizo la Tusekile lilikuwa damu. Ilikuwa imepungua mno, huwezi kumpasua. Kwa hiyo Dokta alimpa dawa za kuongeza damu, dawa ya maumivu aimeze baada ya kula, mapema, dalili zikianza, asingoje mpaka ashindwe kusimama. Na akampa vidonge vya majira, vile vya kuzuia mimba, avimeze mfululizo bila kupumzika, ili hedhi isimame kwa muda na ugonjwa ulale. Alimwambia wazi kwamba vidonge havitamletea mtoto na havitauondoa ule uvimbe. Vinamnunulia nafasi ya kujenga damu. Baadaye atamfanyia upasuaji, auondoe uvimbe na kukiacha kifuko, kisha wataacha vidonge na kujaribu mtoto.

"Na kizazi mtatoa?" aliuliza Tusekile. Kuna mtu wa duka la dawa alishamwambia hivyo.

"Hapana," alisema Dokta. "Kwa ugonjwa huu kutoa kizazi si mahali pa kuanzia. Na wapo waliotolewa wakaendelea kuumwa."

Sista alimuuliza kama tumweleze mama mkwe. Tusekile alikataa. Siri ni ya mgonjwa, tukainyamazia. Binti akaondoka na vidonge vyake vimefungwa kwenye pindo la khanga.

Ninyi mmeshaona kitakachotokea. Sisi pia tulipaswa kukiona.

Siku waliporudi mara ya tatu kliniki ilikuwa imejaa, benchi zote zimekaliwa, wanawake wa pande zote za mpaka. Mama Ezekia aliingia kama lori lisilo na breki. Mkononi ameinua pakiti ya majira, nyuma yake Tusekile, nyuma yao kijana mrefu, mkimya, kofia mkononi. Huyo alikuwa Ezekia.

"Jamani, nisaidieni!" alipaza sauti. "Hospitali gani hii? Nimeleta mtoto wa watu mzimamzima apate uzazi, wamempa majira! Wanamfunga huku wananiambia nisubiri!"

Benchi zikachangamka. "Mwe! Majira kwa mtu asiyezaa?" alisema mmoja. Mama mmoja wa Nakonde akadakia, "Awe mukwai, sivyo, huyo ana mwanaume mwingine," na wenzake wakacheka. Kicheko kile nilikiona kikimwangukia Tusekile mwilini.

Sista Tabitha alitoka ofisini. Hakupandisha sauti. "Mama, ingia ndani. Ninyi wengine, mmemaliza yenu mpaka mnapata nafasi ya mambo ya watu?" Benchi zikatulia. Mlangoni alimshika Tusekile mkono akamnong'oneza: "Wewe ndiye mwenye siri. Tuseme au tunyamaze?"

"Semeni," alijibu. "Imeshafika benchini."

Dokta alieleza, nami nikaeleza kwa Kinyiha. Mama Ezekia alinikatiza. "Wewe Kiguu na Njia nakujua, umechuma kahawa kwangu. Usinipambie maneno."

"Sipambi, mama. Nasema ya Dokta."

"Basi mwambie Dokta wako: anayetaka mtoto humpi dawa ya kuzuia mtoto. Hata asiyesoma anajua hilo."

Dokta hakukasirika. Alimuuliza kama amewahi kuona mtu aliyevunjika mguu. Ameona, mumewe mwenyewe alianguka kwenye trekta. Walimfanyaje? Walimfunga plasta. Alitembea? Hakutembea. "Ungesema hospitali imemzuia mumeo kutembea?"

"Plasta ilitolewa," alisema Mama Ezekia.

"Na hii itatolewa. Nangoja damu yake ipande nimpasue. Kila hedhi inayokuja sasa inamrudisha nyuma."

Mama akamgeukia mwanawe. "Unasikia? Mkeo anameza majira ndani ya nyumba yako, na wewe umekaa tu kama gogo."

Ezekia aliikunja kofia yake. "Mama, mimi najua."

"Unajua nini?"

"Najua anameza. Kila jioni mimi ndiye namkumbusha."

Nilisahau kama mimi ni mkalimani.

"Tangu aanze hajalala chini, mama," kijana aliendelea, bado anaangalia kofia. "Mimi ndiye ninayelala naye chumba kimoja. Ninyi mnasikia habari tu. Mimi ndiye ninayemsikia anauma shuka usiku ili msiamke."

Mama Ezekia alikusanya khanga yake akatoka, na hatukujua ametoka kwa hasira au kwa kitu gani. Kahawa ilikuwa karibu kumalizika kuchumwa. Kikao kilikuwa palepale. Ezekia alituambia kwamba baba zake wadogo walishaanza kuongea na familia ya binti mwingine.

Damu ilipopanda, Dokta Lameck akapanga upasuaji. Mama Ezekia alikuja. Alikaa kwenye benchi la nje ya chumba cha upasuaji tangu asubuhi, chupa ya uji wa mgonjwa mapajani.

Mimi siku ile nilikuwa ndani, nasaidia kupokea vyombo. Viungo vilikuwa vimegandana kama makaratasi yaliyolowa yakakauka pamoja, na Dokta alivitenganisha kwa subira ambayo sijaiona kwa fundi mwingine yeyote. Ule uvimbe ulipopasuka ulitoa kitu kizito, cheusi kinachoelekea kahawia, kama kahawa iliyosahaulika jikoni ikachemka mpaka ikabaki tope. Waliutoa ukuta wake wakakiacha kifuko.

Mnajua desturi yetu: kinachotolewa mwilini kinaonyeshwa kwa ndugu, maana ndugu asipoona hataamini. Tusekile alikuwa ameruhusu kabla hajalala. Dokta alitoka na bakuli la chuma akaliweka mbele ya Mama Ezekia. Mimi nikasimama kati yao.

Mama aliinama akatazama. "Hii ni nini?"

"Damu, mama. Damu ya hedhi zake, iliyokosa pa kutokea."

"Ya tangu lini?"

"Siwezi kusema kwa hakika. Ya muda mrefu. Labda tangu kabla hujamjua."

Mama aliinua mkono kama anataka kugusa bakuli, akauacha hewani. Aliposema hakumwambia Dokta, aliniambia mimi, kwa sauti ambayo sikuwahi kudhani anayo.

"Nina binti. Yustina. Yuko Nakonde, anauza mitumba. Alikuwa analala chini hivihivi. Wakati wa kahawa, watu wote shambani, yeye yuko chini. Nilisema ni mvivu. Baba yake alimchapa na mimi nilishika mlango."

Sikujua kama hayo nayo niyatafsiri. Dokta alikuwa ananiangalia. Sista Tabitha, aliyekuwa nyuma yangu, akasema, "Bomba." Nikayatafsiri yote.

Dokta alikaa kwenye benchi, palepale alipokaa mama yule, na gauni lake la upasuaji. "Bado anaumwa?" aliuliza.

"Haniambii kitu huyo. Akija anakaa kidogo, anaondoka."

"Umlete."

"Atakuja nikimwita mimi?"

Hilo halikuwa swali la kujibiwa na daktari.

Kikao kilikaa. Mimi sikuwepo, Ezekia ndiye aliyenisimulia alipomleta mkewe kutolewa nyuzi. Wazee walizungumza kwa zamu, taratibu, kwa heshima zote, wakamaliza kwamba binti hana kosa lakini nyumba haiwezi kukaa bila watoto. Wakamgeukia mama kwa kuwa ndiye aliyelileta jambo hilo. Mama Ezekia aliinuka akasema, "Mkimrudisha Ileje, na mimi nirudisheni kwetu. Njia ni moja, tutasindikizana." Kisha akakaa. Baba mdogo mmoja alicheka akidhani ni utani. Alipoona mama mwenyewe hacheki, akaomba chai.

Yustina aliitwa, na alikuja. Hiyo ni habari yake, siwezi kuwapa.

Sitawadanganya kuhusu Tusekile. Waliacha vidonge, wakajaribu, na mpaka nawaambia haya mtoto hajapatikana. Dokta alimwambia kwamba upasuaji unaongeza nafasi na hauahidi kitu. Pia kwamba ugonjwa huu una tabia ya kurudi, na ukirudi arudi mapema, vidonge vipo, sindano ipo, kijiti cha mkononi kipo. Kwa hiyo mkisikia mtu anamwambia binti "zaa utapona", mnyamazisheni. Wengine hawazai, na wengine huzaa na kuendelea kuumwa. Na mkiwa na mgonjwa anayesema anaumia, muulizeni lini kabla hamjamuuliza wapi.

Nilipostaafu nilipita Mbozi kuwasalimia, wakati wa kuchuma. Mama Ezekia alinipa kapu kabla hajanipa kiti, eti mkono wangu usisahau kazi. Nikaingia kwenye mistari ya mibuni, nikamkuta Tusekile anachuma, kapu limefungwa kiunoni, jasho usoni. Tulichuma kidogo kwa pamoja, tukaongea ya Ileje. Nikamuuliza afya.

"Yapo maumivu, shangazi, siwezi kusema hayapo," alisema. Akachuma tawi zima kabla hajaendelea. "Ila jana niliingia kwenye siku zangu, na mpaka jioni nilikuwa nimesahau."

"Umesahau nini?"

"Kwamba niko kwenye siku zangu. Nilisahau kabisa."

Alisimama, mikono yake imejaa kahawa nyekundu, akanitazama kama mtu aliyenipa habari ambayo yeye mwenyewe bado hajaizoea.